Vyeti Viwili vya Fundi Maneno

Fundi Maneno alikuwa akiuza maji ya mizizi yaliyotiwa sukari kama dawa ya tumbo, na siku ile alinusa ulaji. Muuza saruji, tajiri mwenye mkono wa birika, alitaka kununua siri ya dawa hiyo. Ila hakuwa wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia: alidai vyeti viwili vya hospitali vya mtu aliyeponywa na dawa hiyo, kimoja cha ugonjwa, cha pili cha kupona.

Cha pili kingekuwa rahisi, maana mgonjwa wa kuigiza angekuwa mwenzetu mwenyewe, naye alijiona mzima wa afya. Kwa ajili ya cha kwanza alishinda kwenye benchi la kliniki akisikiliza wagonjwa na kukariri: tumbo linanyonga, choo kina damu, suruali zinapwaya. Alipoingia kwa daktari akayamwaga yote kwa machozi. Akapewa dawa ya kusafisha tumbo, kesho yake akapitishiwa kamera kwa njia ambayo adabu hairuhusu kuitaja, wakanyofoa vipande vya nyama kwenda maabara.

Majibu yalipotoka, daktari, mama wa makamo, alimweleza taratibu kwamba ni limfoma, aina ya saratani, na imekaa kwenye utumbo mpana. Fundi Maneno akaomba cheti kipigwe muhuri.

"Mwanangu, umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Ila nikwambie ukweli, yale maumivu niliigiza."

"Uliigiza wewe. Kile kipande cha nyama hakikuwa na habari."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mkanda wake ameutoboa matundu mapya mawili. Habari ya muhuri akaiacha.

Bahati yake, saratani haikuwa imesambaa. Alitundikiwa dripu ya dawa ya saratani mara sita, kila wiki tatu. Akatapika, akanyonyoka nywele, hakuuza hata chupa moja. Kipimo cha mwisho kilipoonyesha uvimbe umekwisha, alilia koridoni bila haya.

Muuza saruji akaja na bahasha nene. Fundi Maneno akamwambia kweli tupu: kilichomponya ni dripu. Tajiri akadhani anapandishiwa bei, akatoa bahasha ya pili.

"Usinifiche, ndugu yangu," akanong'ona. "Mwezi wa tatu huu naona damu. Na hiyo kamera siiwezi."

Fundi Maneno akamwonea huruma, akarudia kazi anayoijua. Alimpa chupa, akamwapia kwamba dawa hiyo haifanyi kazi mpaka yule mama mwenye kamera aingie kuionyesha njia.

Jumatatu tajiri alilala ubavu kwenye kitanda cha kliniki, chupa kifuani, akiuliza kama dawa imeshafika. Nje, Fundi Maneno alikuwa na bahasha zote mbili mfukoni na mlango wa kutokea uko wazi. Hakutoka. Alikaa kwenye benchi, roho juu, akisubiri majibu ya mwenzake.