Vigelegele vya Mama na Spika Zangu Mbili

Jumatatu, 16 Juni

Zimebaki siku nne. Ijumaa, baada ya alasiri, binti yangu Wafa anaolewa hapa hapa nyumbani, mtaa wa Mutanga Nord. Wanaume salon, yaani sebuleni, wanawake chumba cha ndani, mlango wa katikati umefungwa. Kama kawaida.

Mama yangu, Bi Houda, ndiye anayeanzisha vigelegele katika ukoo huu. Hana mpinzani. Lakini kwenye ndoa ya binti yangu mkubwa, Ghada, miaka miwili iliyopita, niliweka ndani spika isiyo na waya ili wanawake wasikie vizuri. Sauti ikawafikia imechelewa. Bwana harusi amekwisha kusema nimekubali, shehe ameinua mikono, yuko katikati ya dua, ndipo Mama akapasua vigelegele. Shehe akanyamaza, mikono bado iko juu. Wanaume wakacheka. Tangu siku hiyo Mama hajapiga tena, si kwenye harusi, si kwenye akika. Anasema koo limezeeka. Uongo mtupu. Ni aibu, na aibu hiyo nilimpa mimi.

Ijumaa nitamrudishia vigelegele vyake.

Mke wangu Kaltum ameshauri tuache mlango wazi kidogo, basi. Nimemweleza kwamba hivyo ndivyo watu walivyofanya kabla ya umeme.

Jumanne, 17 Juni

Mpango umekamilika. Simu ya Wafa itasimama salon na kutuma picha na sauti kwenye televisheni ya chumba cha ndani. Televisheni itapeleka sauti kwenye spika mbili mpya: moja jikoni kwa wapishi, moja chumbani kwa Mama, maana magoti yake hayataki tena mambo ya kukaa mkekani.

Nimejaribu kwa taarifa ya habari ya jioni. Mtangazaji akatoa salamu, bonsoir, kwanza chumba cha ndani. Akasema tena bonsoir jikoni. Alipokwisha kuingia kwenye bei ya mahindi, ndipo akamsalimia Mama. Kaltum amesema jikoni kwamba huyu bwana ana adabu sana, anapita chumba kwa chumba.

Shemeji yangu Majid, kaka yake Kaltum, alikuwepo. Majid anakuwepo kila ninapoaibika. Ana villa kule Kinindo, mtaa wa wenye pesa, na mtu wa kumkatia nyasi. Amesema, shemeji, apana cheza na harusi ya mutoto, tuipeleke kwangu, nitaleta tenti na watu wa sono, wale wa vyombo vya sauti, kutoka mjini. Amenipa mpaka Alhamisi jioni. Yeye ananipa mimi muda, nyumbani kwangu, mdomo umejaa sambusa zangu.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwita jirani yetu Astère, anayefundisha fizikia. Mtu mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Amesema sauti iliyochelewa haiwezi kuharakishwa. Unachoweza ni kuzichelewesha zile za haraka mpaka ya mwisho ifike, kama unavyotembea na mtoto barabarani: wenye miguu mirefu ndio wanaosubiri.

Nimeshinda kwenye mipangilio ya televisheni tangu adhuhuri. Kuchelewesha kidogo hapa, kidogo pale. Nimezunguka vyumba mpaka Wafa akaniuliza kama nimepoteza funguo. Saa moja jioni, mtangazaji akasema bonsoir. Moja tu! Nyumba nzima, bonsoir moja.

Mama amenishika mkono akasema, mwanangu, safi. Kisha nikamsikia akikohoa kusafisha koo. Nimefurahi mpaka nikatoka nje kidogo.

Kaltum analalamika kwamba ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, inapata moto. Televisheni, spika mbili na friji, vyote kwenye ralonji moja. Nimemwambia moto ni dalili ya kazi. Astère naye alitaka kuniambia jambo kuhusu salon. Nikamwomba aniambie siku nyingine, nilikuwa nampigia Majid simu.

Alhamisi, 19 Juni

Jambo la Astère lilikuwa la maana.

Tulifanya jaribio kamili mbele ya Majid. Mkwe mtarajiwa, Sami, kijana mtulivu wa duka la vitambaa, akakaa mbele yangu. Simu ikawashwa. Nikaanza: Nimekuoza binti yangu Wafa. Mara nikasikia mtu nyuma ya mlango anasema, nimekuoza binti yangu Wafa. Nikanyamaza kumpisha. Akanyamaza. Nikaanza upya, naye akaanza upya. Ni mimi mwenyewe, nimechelewa sekunde tatu. Spika zote zimekubaliana barabara, lakini zimekubaliana kuchelewa. Jana mtangazaji alisikika kwenye spika tu, hakuwepo nyumbani. Salon ina mimi mwenyewe, na mimi sina mipangilio ya kunichelewesha.

Niliitaja ndoa ya Wafa mara tano bila kufika kwenye mahari. Majid alifuta machozi ya kicheko, akatoa simu kuwaita watu wa tenti.

Ndipo Mama akasema kutoka ndani, polepole, kwamba Wafa alijifunzia kutembea kwenye sakafu hii, na anayetaka kumuoa njia ya Mutanga anaijua. Majid akarudisha simu mfukoni. Kisha Mama akaongeza kwamba mimi nisijisumbue na vigelegele. Atakaa kimya, na si kitu.

Si kitu, kwa Mama, maana yake ni kitu kikubwa. Nimekosa raha.

Ijumaa, 20 Juni, asubuhi

Nimepata dawa. Nikimaliza maneno yangu, Sami ahesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, ndipo ajibu. Sekunde hiyo hiyo wanawake watakuwa wanasikia mwisho wa maneno yangu. Mama apige hapo hapo bila kusubiri jibu. Kila kitu kitakutana.

Sami amekubali, amefanya mazoezi mara ishirini. Wafa ameuliza itakuwaje Sami akibadili mawazo kwenye mbili. Mama amekataa kabisa. Amesema, mi sipigi vigelegele kwa mutu ambaye bado hajakubali. Sami nimemwambia ahesabu hivyo hivyo.

Ijumaa, jioni

Alhamdulillahi. Nimeshinda.

Salon ilijaa mpaka barazani. Nikaanza maneno huku nimejikaza kungoja ile sauti yangu nyuma ya mlango. Haikuja. Nikaendelea. Nilipofika kwenye jina la Wafa sauti ilinikatika yenyewe, sikutegemea. Nikamaliza. Sami anahesabu kwa vidole juu ya goti. Majid amesimamisha nyusi, shehe ananiangalia. Kisha Sami akasema nimekubali, na hapo hapo, juu ya neno lenyewe, vigelegele vya Mama. Virefu, vinang'aa, kama vya miaka yote. Wenzake wakamfuata, nyumba ikatetemeka. Shehe alicheka, akawangoja wamalize ndipo akainua mikono. Nililia mbele ya wakwe na sikujali.

Majid amenikumbatia, akasema mashine zangu ni kiboko.

Nilipoingia ndani televisheni ilikuwa nyeusi. Kaltum amenieleza kwamba mpishi alichomeka birika la umeme kwenye ile ralonji, umeme wa nyumba nzima ukakatika, kabla shehe hajafungua mdomo. Salon hatukujua, ilikuwa mchana mweupe. Mama akaagiza kiti chake kiletwe mlangoni na mlango ufunguliwe kiasi cha kiganja. Alisikia kila neno, hata pale nilipokatika sauti. Ameniambia hapo ndipo koo lake lilipofunguka.

Nimembusu mkono.

Jumapili, 22 Juni

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, nimeelewa. Siku tatu za majaribio zilikuwa zimeyazoesha masikio ya Mama. Umeme ulipokatika, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Kaltum alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuosha vyombo vilivyo safi.

Majid anamuoza mwanawe Agosti, Kinindo, na ameniomba nisimamie sauti. Mimi, si watu wa sono. Nimeshakwenda kupima. Vyumba saba na bustani. Nitahitaji spika nane, na ralonji nene zaidi.

Mama sasa anakaa pale mlangoni kila siku. Anasema anasikia nyumba nzima, na jana amepiga vigelegele kwa sababu tu Wafa amekuja kusalimia. Mlango ameagiza ubaki wazi.

Nitaufunga akilala mchana. Waya wa spika mpya ninayomwekea utapigiliwa juu ya mlango huo.