Mgombea wa Ndoo

Friza ya mkewe ilikuwa imeuzwa, na mkewe alikuwa anarudi Jumapili.

Hilo ndilo lililomkaa Sabuni kooni Jumatatu ile asubuhi, ingawa ukimwona barabarani usingejua. Alitembea kama mtu aliyeoa jana. Walimwita Sabuni kwa sababu kila aliyepita mikononi mwake alitoka msafi, hasa mifukoni. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wote watatu wakamshukuru kwa kuwapunguzia bei. Sasa alikuwa anauza kitu kisichokuwa na hati wala mipaka, yaani yeye mwenyewe. Alikuwa anagombea ubunge.

Usije ukadhani alitaka kuwa mbunge. Ubunge una vikao, na Sabuni hapendi kuamka mapema. Alichotaka ni kujitoa.

Wazo lilimjia kwenye kiti cha kinyozi, povu likiwa kidevuni. Redio ilisema Mwenye Mashine, tajiri wa mashine za kusaga unga, anagombea tena kwa tiketi ya chama kikubwa. Mara iliyopita alishinda kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi.

"Mia mbili na kumi!" Sabuni akaruka, nusura wembe umle sikio. "Hao hata kwenye harusi ya maskini wapo."

"Tulia, nitakukata. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akisimama mtu wa mtaani akamega kura mia tatu tu, tajiri yuko chini. Na tajiri hataki kwenda chini. Atatoa pesa ili huyo mtu akae."

Kinyozi alisema hiyo ni dhambi. Kisha akauliza kama kuna kamisheni.

Chama alikipata kwenye droo. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi cherehani, mzee mwembamba ambaye midomo yake ilijaa pini mchana kutwa, kwa hiyo alisema kidogo na watu wakadhani ana busara. Huyo ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama, katibu wake na mweka hazina wake. Katiba na mhuri vilikaa kwenye droo ya vifungo. Daftari la wanachama lilikuwa na majina mengi, nusu yao watu waliokuja kupunguza suruali. Nembo ya chama ilikuwa ndoo.

"Kwa nini ndoo, mzee?" Sabuni aliuliza siku ile akipimwa koti la kampeni.

"Vyama vikubwa vilishachukua wanyama wote. Inua mkono." Fundi alivuta utepe. "Risiti ya dhamana ya kugombea iandikwe jina la chama; mgombea akijitoa, pesa inarudi kwa mwenye jina. Ndio utaratibu. Na ujue, chama kinaweza kumtoa mgombea wake mpaka Ijumaa saa kumi jioni."

"Sawa, sawa," Sabuni akasema. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, na mtu anayejitazama kwenye kioo hasikii vizuri.

Dhamana ndiyo iliyokula friza. Mkewe alikuwa kwa mama yake, anamuuguza mguu uliovunjika. Friza ile aliinunua kwa miaka minne ya kuuza maji ya baridi na mabonge ya barafu kwa mtaa mzima. Kila senti yake ilipita kwanza kwenye baridi. Sabuni alimuuzia muuza nyama, akachukua pesa, akalipa dhamana. "Ni mkopo tu," alijiambia. "Nitamrudishia mbili." Wezi wote wa dunia hii wana tabia hiyo ya kulipa kichwani kabla hawajalipa mkononi.

Sasa ilibaki kumtia tajiri hofu. Mgombea asiye na watu hanunuliwi, na Sabuni hakuwa na watu. Hata kinyozi alisema kura yake bado anaitafakari.

Lakini Jumatatu ni siku ya maji. Bomba la mtaa hutoa maji siku mbili kwa wiki, na kufika saa tatu foleni inakuwa imezunguka kona mara mbili, watu mia nne, kila mtu na ndoo yake. Sabuni alimpandisha mpiga picha za pasipoti juu ya paa la duka arekodi, yeye mwenyewe akasimama kwenye tofali na spika ya kukodi.

"Ndugu zangu!" akaita. "Hapa kuna watu wanarukia foleni! Tunataka kuhesabu upya! Kila mwenye ndoo ainue juu!"

Ndoo mia nne zikapanda hewani, za bluu, nyekundu, hata zilizotoboka.

"Mnataka maji?"

"Tunatakaaa!"

"Mnataka mabadiliko?"

"Tunatakaaa!" Hapo wangekubali hata ndui, alimradi foleni isogee.

"Basi hesabu imekamilika, asanteni!"

"Imekamilika nini?" mama mmoja wa mbele akauliza. "Mimi ni wa ngapi?"

"Wewe ni wa kwanza, mama."

"Nilikuwa wa kwanza tangu alfajiri, mpuuzi wewe!"

Kwenye video, maneno ya foleni na sauti ya huyo mama vilikatwa. Kufika mchana video ilikuwa kwenye simu za mji mzima: umati mkubwa umeinua nembo ya chama, na mgombea kwenye tofali, kidevu juu, kama sanamu inayodaiwa kodi.

Jumanne akaja mpwa wa Mwenye Mashine, kijana mnene wa maneno mepesi, akamkuta Sabuni nyumbani. Sabuni alimkalisha makusudi mahali penye alama ya mraba sakafuni, pale friza ilipokuwa, ili pasionekane patupu.

"Mheshimiwa," mpwa akaanza, "mjomba hajalala tangu jana. Anasema wewe ni kijana wa nyumbani, kwa nini mgombane?"

"Mimi siwezi kuwauza wananchi," Sabuni akasema, akaweka mkono kifuani. "Kwa bei gani?"

Mpwa akataja. Zilitosha friza mbili na nauli. Mtu mwenye akili angezishika, akaenda dukani, akalala. Lakini Sabuni alishaziona zile ndoo mia nne, na video yake mwenyewe ilikuwa imeanza kumdanganya na yeye.

"Friza nne," akasema. Mpwa akakodoa macho. "Namaanisha, mara mbili ya hizo. Na pikipiki."

"Duh, kaka! Mjomba atazimia."

"Azimie Ijumaa. Njoo saa tisa na nusu, mzigo mkononi, barua ya kujitoa utaikuta tayari."

Mpwa alisimama, akajikuna shingo. "Na mhuri wa chama unao wewe?"

"Upo kwa mzee mmoja hapo chini, anashona nguo. Usimhangaikie. Yule hata tundu la sindano halioni."

"Aisee," akasema mpwa. Akaaga kwa heshima zote.

Ijumaa Sabuni alioga mara mbili. Saa tisa na nusu ikaja peke yake. Saa kumi kasorobo alikuwa mlangoni, shingo nje kama kobe. Saa kumi kasoro dakika tano alianza kukimbia, na waliomwona walisema wagombea wa siku hizi wanajituma kweli.

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa chumba chenye feni moja na karani mmoja anayekula karanga.

"Nimekuja kujitoa," Sabuni akahema. Alikuwa amepiga hesabu njiani kwamba atajitoa kwanza, adai baadaye.

"Jina?" Karani akapekua. "Aa, mgombea wa ndoo. Pole, ndugu. Unaendeleaje?"

"Na nini?"

"Na ugonjwa. Barua ya chama chako inasema afya yako haikuruhusu. Ulitolewa tangu Jumatano." Akamgeuzia karatasi. Mhuri ulikuwa umekaa sawasawa, katikati kabisa, kama kifungo kilichoshonwa na mtu mwenye macho mazuri.

Sabuni alimkuta fundi anashona, mguu kwenye pedali, pini mdomoni.

"Mzee, umeniuza!"

Fundi akatoa pini moja moja, akazipanga kwenye kitambaa. "Taratibu. Nani alikuwa anakuuza kabla yangu?"

"Nilikuwa najiuza mwenyewe!"

"Basi nimekupunguzia kazi. Wewe ulitaka mara mbili na pikipiki, mimi nikakubali alichotaja mara ya kwanza. Biashara ni kukubali, mwanangu."

"Nitakushitaki!"

"Sema utakavyosema mahakamani, nisikie."

Sabuni akaanza kuyahesabu mashitaka kwa vidole. Alipofika kwenye kujiuza, akaukunja mkono.

"Wewe ni wa saba," fundi akasema bila ubaya. "Kila uchaguzi anakuja mmoja, amejipaka mafuta, anadhani chama ni cha mzee kipofu. Ila wewe ndiye wa bei nzuri kuliko wote. Zile ndoo zilinitoa machozi."

"Basi nipe risiti yangu nikachukue dhamana."

"Ina jina la chama. Nimeshaichukua."

"Na koti langu?"

Fundi akalitoa kwenye msumari. Lilikuwa na mkono mmoja. "Nilikuwa nasubiri nione matokeo. Aliyejitoa hahitaji wa pili."

Jumapili mkewe akaingia, mzigo kichwani, miguu ina vumbi. Hakutua mzigo. Alitazama ule mraba safi sakafuni, akamtazama mumewe, akautazama tena mraba.

"Iko wapi?"

Sabuni aliyewahi kuuza kiwanja mara tatu alitafuta uongo, akakuta ameumaliza wote mjini. "Imegombea ubunge," akasema.

"Imeshinda?"

"Imejitoa."

Mkewe akageuka na mzigo wake kichwani, akarudi alikotoka.

Gharama yenyewe ni hii. Friza moja ya kifuniko cha kunyanyua, miaka minne ya jasho la mtu mwingine, ambayo sasa imejaa mapupu ya ng'ombe kwa muuza nyama. Dhamana, imo kwenye droo pamoja na vifungo. Koti moja, mkono mmoja. Rafiki mmoja kinyozi, anayedai kamisheni mpaka leo. Mke, miezi mitano kwa mama yake, na aliporudi alirudi na kufuli la chumba chake. Mwenye Mashine alishinda kwa tofauti ya kura mia nne na kitu. Bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki kama zamani, na mtaa mzima unayanywa ya moto.