Malalamiko Dhidi ya Mjerumani Aliyesema Nyama Haijaiva

Ghalib Mwinyimvua,
Wakala wa Mizigo na Mambo Mengine,
Ghorofa ya Tisa, nyuma ya Zhanqian Road,
Guangzhou.
Ijumaa.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Abdulwakil,
Umoja wetu wa Wafanyabiashara.

Shikamoo mzee wangu,

YAH: KUOMBA MJERUMANI AFUNDISHWE ADABU KABLA YA IDI

Natumaini mgongo umepoa. Mimi ni mzima, isipokuwa nyumbani kwangu hakujapikwa tangu Jumanne, ninaishi kwa tambi za bakuli. Na kwa kuwa biriani ya Idi ya watu mia mbili mlimkabidhi mke wangu Chausiku, naye ametangaza kuwa hashiki tena mwiko, msiba huu si wangu peke yangu.

Unanijua. Nimekanyaga nchi tano, sita ukihesabu Doha, ambako nilishinda uwanja wa ndege siku mbili. Shule niliishia darasa la saba, lakini Wazungu nawasoma kama ninavyosoma jinzi, kwa kuitazama tu. Ndiyo maana kosa hili haliwezi kuwa langu.

Kwenye maonyesho ya Pazhou nilipata wateja wawili wa vyombo vya jikoni. Bwana Clive ni Mwingereza, Bwana Detlef ni Mjerumani. Malalamiko ni haya:

1. Tulipoachana pale stesheni niliwaambia wote wawili, karibuni nyumbani siku yoyote mle biriani ya mama watoto. Wewe ni mtu wa Pwani, mzee, unaijua karibu ile. Tunamwambia hata aliyekwishapanda basi. Bwana Clive alielewa papo hapo. Aliweka mkono kifuani, akasema atafurahi mno, lazima tupange, akaenda zake bila kuuliza ninakaa wapi. Huyo ni mtu aliyelelewa. Bwana Detlef alitoa kidaftari, akauliza, "Jumanne? Saa ngapi?"

2. Akaja. Saa kumi na mbili kamili, Chausiku bado amejifunga taulo kichwani. Ikabidi nimwite Bwana Clive aje kuongeza adabu ndani ya nyumba. Alifika na maua, akaomba radhi kwa kuchelewa, kwa mvua, na kwa maua yenyewe.

3. Bwana Clive alikula vijiko vitatu, akasema hajapata kuonja kitu kama kile tangu azaliwe, kisha akaisogeza sahani pembeni polepole kama mtu anayeficha barua. Chausiku akafurahi. Akamgeukia Bwana Detlef, akamuuliza kama tunavyouliza sote, "Chakula kikoje, shemeji?" Na mzee wangu, mtu huyu akajibu. Alitafuna, akafikiri, akasema, "Wali mzuri sana. Nyama haijaiva." Akamaliza sahani nzima, akaomba ya pili, akaarifu kuwa na hiyo haijaiva. Bwana Clive akaanza kusifia pazia.

4. Chausiku hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliniuliza mimi, "Ghalib, ni kweli?" Nikamwambia huyu mgeni, mbuzi anamjulia wapi. Akauliza tena, "Ni kweli?" Nami nikasifia pazia. Mwiko akauweka juu ya kabati, na mimi tangu siku hiyo sina mtu wa kukaa naye mezani.

5. Ugonjwa umeenea. Juzi nilikuwa nasimulia nilivyopeana mkono na waziri, Chausiku akasema, "Hiyo tumeisikia, na mara ya kwanza alikuwa karani." Jana alimwambia laobani, yule bosi wa Kichina wa duka la magauni, kwamba zipu zake mbovu. Laobani, badala ya kukasirika, akabadilisha mzigo wote akamwita rafiki. Unaiona hatari? Sisi mawakala tunaishi kwa kusema kontena lako liko bandarini Nansha, linapakiwa kesho. Ukweli ukipenya humo, tutakula wapi?

Kwa hiyo naomba Umoja umwite Bwana Detlef na kumfundisha kujibu "tamu sana, shemeji". Ni maneno matatu, hata kwenye kidaftari yanaenea. Pili, kila Mjerumani aingiapo nyumba ya Mswahili afuatane na Mwingereza wa kumfunika. Tatu, itolewe amri kwamba mtu akikaribishwa asije.

Nisalimie Mama Swalha, wote wa msikitini, na Wakenya wa ghorofa ya chini, hasa Nyokabi, niliyemkaribisha mara thelathini na hajatokea hata siku moja, Mungu ambariki.

Ni mimi niliyeonewa mezani pangu,
Ghalib Mwinyimvua.

N.B. Jumamosi. Mzee, barua hii usiisome mbele ya watu. Kabla sijafunga bahasha nilisikia sauti jikoni. Bwana Detlef yumo, ameleta kipima joto cha nyama, na mwiko umeshuka kabatini. Kumbe Chausiku mwenyewe ndiye aliyemwita. Akanipa kipande cha mbuzi, akanitazama, hakuuliza kitu. Miaka kumi na moja nimeitafuna nyama ya mke wangu kwa meno ya upande mmoja huku nikisema tamu. Nikasema, "Imeiva. Ila chumvi imezidi." Akaonja. Akasema, "Kweli, imezidi." Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, tukala sahani moja, Bwana Detlef akiandika.

Basi biriani ya Idi ipo, na nyama laini. Bwana Detlef aketi ubavuni pangu. Bwana Clive pia nimemwalika, amesema atafurahi mno, kwa hiyo msimhesabu.

Nawe mzee, karibu nyumbani. Jumanne, saa kumi na mbili.