Mwaliko wa Samaki Uliokwama Darasani Kwako

Norbert Jelinek,
Barabara ya Ziwani,
Pike Landing, Wisconsin.
Jumatano, katikati ya Oktoba.

Kwa Mwalimu Hedda Brandt,
Darasa la Kiingereza la Wanafunzi Bora, Mwaka wa Kwanza,
Shule yetu ya Sekondari.

Mwalimu Mheshimiwa,

YAH: KUACHILIWA KWA MWALIKO WANGU KABLA YA IJUMAA

Natumaini u mzima, na kwamba baridi hii iliyotuwahi mwaka huu haijakuingia mifupani. Mimi ni babu yake Maren Jelinek, yule msichana mrefu anayekaa mbele na kuuliza maswali hata kengele ikishalia. Huenda unanijua kwa sura. Ndimi niliyekuwa nikiendesha greda la kusukuma theluji la kaunti mpaka nilipostaafu, na kama gari lako liliwahi kufukiwa mlangoni pako, samahani sana, lakini barabara ilikuwa safi.

Sina ugomvi na elimu. Naandika kwa sababu darasa lako limeshika kitu changu, na kitu hicho kisipotoka kabla ya Ijumaa jioni, nitazeeka peke yangu. Nimepanga malalamiko yangu kwa namba, kama Maren alivyonifundisha, maana siku hizi katika nyumba hii mtu hawezi hata kulalamika bila mpangilio.

1. Kuhusu karatasi za Matarajio ya Darasa. Shule ilipofunguliwa, Maren aliniletea karatasi zako, maandishi madogo kama ya mkopo wa nyumba, mlezi asome atie saini. Mama yake alikuwa zamu hospitalini, basi mlezi nikawa mimi. Nikatia saini juu ya boneti ya gari bila kusoma. Nani husoma? Sasa nimesoma. Imeandikwa kwamba kila mwanafunzi atachukua andiko la kweli la mtu wa familia yake, atalipitisha katika hatua zote za uandishi, na kwamba andiko hilo halitatumika popote mpaka mwalimu aliidhinishe. Watoto wenye akili walileta orodha ya vitu vya dukani. Mmoja alileta onyo la mama yake kwa wazoa taka. Mimi, mjinga wa mwisho, nilimpa Maren kikaratasi nilichotaka kumpelekea Bi. Verna Tollefson, mjane wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kilisema hivi: "Verna, njoo tule samaki Ijumaa kwa wazima moto. Nalipa mimi. Norbert."

Huhitaji kuambiwa maana yake. Katika mji huu mwanamume akimpeleka mwanamke ukumbi wa wazima moto, wanakouza samaki kila Ijumaa, wakakaa meza moja na samaki wa kukaanga na bia zao, hata kasisi haulizi tena. Na Ijumaa hii ndiyo ya mwisho kabla hawajafunga jiko mpaka Kwaresima. Nampenda Verna, Mwalimu. Nalisema mapema usije ukadhani kwamba ninapigania samaki.

2. Kuhusu hoja kuu. Maren alikisoma kikaratasi akaniangalia kwa huruma. "Babu, hoja yako kuu ni ipi?"

Nikamwambia samaki.

"Samaki si hoja, Babu. Samaki ni mada. Hoja ni kitu ambacho mtu anaweza kukupinga."

Nikasema mimi sitaki kupingwa, nataka kula. Wapi. Nilikalishwa mezani pa jikoni mpaka nikaandika kwamba Verna Tollefson anafaa kula samaki nami kwa sababu tatu, na ndipo nikagundua ninazo mbili. Ya kwanza, sote tunapenda samaki. Ya pili, sahani ya wazima moto ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Ya tatu ilinitesa wiki nzima. Nilipendekeza kwamba gari langu lina joto zuri. Ikafutwa. Mwisho, kwa hasira tu, nikaandika kwamba kila nikipata habari, nzuri au mbaya, miguu yangu huelekea kwake kabla mimi mwenyewe sijajua ninakwenda wapi. Maren akasema, "Haya, hiyo sasa ndiyo hoja." Nikaenda nje kukusanya majani makavu, kwa kuwa sikutaka kuangaliwa.

3. Kuhusu ushahidi. Niliandika kwamba Verna ni mwanamke mwema. Sentensi fupi, ya kweli, haina deni na mtu. Maren akachora duara kwa kalamu nyekundu, akauliza ushahidi uko wapi. Ushahidi! Nimeishi na sheria za kaunti maisha yangu yote, lakini kuombwa ushahidi wa wema wa jirani yangu, na mtoto niliyembadilisha nepi, hilo sikulitegemea. Ikabidi nieleze kwamba tulipomzika mke wangu Dolores, Verna aliniletea viazi vya kuokwa na nyama, akakaa nami nikala, wala hakunisemesha neno. Maren akasema vizuri sana, sasa fafanua ushahidi huu unaonyesha nini. Mwalimu, unaonyesha viazi. Lakini hata hilo nililifafanua, na ufafanuzi ukawa mrefu kuliko chakula chenyewe.

Tena ugonjwa huu umeenea nyumbani. Juzi nilisema supu haina chumvi, nikaambiwa hayo ni maoni. Nikisema twende kulala, naulizwa kwa kuzingatia nini. Zamani neno langu lilikuwa neno.

4. Kuhusu hoja pinzani. Hapa ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, kwa hiyo naomba usome taratibu. Matarajio yako yanasema kwamba mwandishi lazima ataje hoja ya upande wa pili, na aitaje kwa haki. Sasa katika barua ya mapenzi, Mwalimu, upande wa pili ni nani? Upande wa pili ni Gordy Pruitt.

Gordy naye ni mgane, naye humtazama Verna kanisani kwa jicho lile lile ninalomtazama mimi. Tofauti ni kwamba Gordy ana haya. Akiwa mbele ya mwanamke, sentensi zake huishia njiani kama gari lililokwisha petroli. Kwa sababu hiyo sikuwa na wasiwasi naye. Niliandika kwamba wapo watakaosema Gordy anafaa, lakini Gordy ananuka chambo. Maren akakataa. "Babu, hoja pinzani lazima iwe na nguvu. Ukiiweka dhaifu, msomaji atajua unaogopa." Basi kwa mkono wangu huu huu, ndani ya barua yangu mwenyewe, niliandika hivi:

"Ni kweli kwamba Gordy Pruitt ana meno yake yote. Ana mashua yenye viti vya kuegemea. Hucheza dansi ya polka bila kumkanyaga mtu. Na mkewe alipougua, alijifunza kusuka nywele ili amsuke kila asubuhi, wala hakumwambia mtu. Mimi nilimkuta tu, siku nilipopita kusafisha njia yake."

Jibu langu kwa hoja hiyo lilikuwa hili: "Hata hivyo, mimi nipo karibu zaidi."

Unaona mwenyewe.

5. Kuhusu watoto kusomeana kazi. Unajua kwamba kazi ya Maren ilizungushwa mezani, wenzake waibandike vikaratasi vyao vya rangi. Mtoto mmoja ameandika kwamba sauti ya mwandishi haisikiki. Mwingine anauliza kama samaki ni ishara ya kitu gani. Wa tatu kaandika tu, "Mwambie anapendeza," na huyo ndiye pekee ninayemwona ana mustakabali. Lakini wa nne, Mwalimu, alikuwa Brynn Pruitt. Mjukuu wa Gordy! Kikaratasi chake kimebandikwa kando ya hoja pinzani na kinasema: "Hapa umenishawishi kabisa. Sikujua babu yangu ni mtu wa maana hivi." Kumbe hakuishia hapo. Aliipiga picha ile aya akamtumia babu yake, na babu yake, ambaye alikuwa hajui kwamba anazo sifa zozote, akazisoma, akanyoosha mgongo, akanyoa ndevu.

6. Kuhusu Jumapili iliyopita. Baada ya ibada nilikuwa dirishani kwangu, si kwa kuchungulia, napanguza kioo. Nikamwona Gordy amesimama mlangoni kwa Verna, kavaa koti la harusi, mkononi karatasi, miwani puani. Anasoma. Na Verna anasikiliza, mkono shavuni. Kisha akamkaribisha ndani, Gordy akaingia. Brynn amemweleza Maren kwamba babu yake aliisoma aya yangu neno kwa neno, akibadilisha "Gordy Pruitt ana" kuwa "mimi nina", halafu akamwalika kwa samaki. Mimi niliyeitunga sijui jibu aliloambiwa. Tangu siku hiyo sijapita kwa Verna, na miguu inanilaumu.

7. Kuhusu alama. Jana Maren alirudi na rasimu yetu imesahihishwa. Hoja pinzani: "Inazidi Matarajio." Hoja ya mwandishi mwenyewe: "Inakaribia Matarajio." Chini umeandika kwa wino wa zambarau kwamba irudiwe na iletwe Jumatatu. Jumatatu, Mwalimu! Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na wao hawakuwa na darasa la wanafunzi bora. Yaani mimi, katika umri huu, na magoti haya, bado nakaribia, ila Gordy amezidi, kwa kalamu yangu.

Kwa kuwa chanzo cha yote haya ni mtaala wako, naomba kwa unyenyekevu mambo machache, ambayo naamini yako ndani ya uwezo wa shule.

Kwanza, rasimu yangu iidhinishwe ilivyo, na makosa yake, itoke kesho. Nitakubali kupunguziwa alama. Pili, Gordy Pruitt aadhibiwe. Karatasi zako zinasema wazi kwamba mtu akinakili kazi ya mwenzake anapata sifuri na mzazi wake anaitwa. Mzazi wake yuko makaburini, lakini sifuri anaweza kupewa. Naona pia ni haki aandikishwe darasani kwako, akae dawati la nyuma, naye apitie hatua zote, hoja kuu, ushahidi, na hasa hoja pinzani, na katika hoja pinzani anitaje mimi. Nipo tayari kumpa orodha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, naomba umwandikie Bi. Verna barua rasmi, yenye muhuri wa shule, kumweleza kwamba sifa zile za Gordy zilikuwa zoezi la darasa, kwamba mimi nisingezitaja kwa hiari yangu hata kwa kushikiwa bunduki, na kwamba uungwana wote unaoonekana katika aya ile ulikuwa wa kulazimishwa. Barua hiyo apewe Maren, ataifikisha.

Nisalimie walimu wenzako wote, wapishi, yule bwana anayefagia ukumbi wa michezo ambaye tulikuwa tukicheza naye karata, na mkuu wa shule, umwambie paa lake la upande wa kaskazini halitauvumilia mzigo wa theluji mwaka huu. Wasalimie pia watoto wa darasa lako, isipokuwa mmoja, naye umsalimie kidogo.

Naishia hapa, nikiwa bado nakaribia matarajio,

Norbert Jelinek
Babu, Mlezi, Mtia Saini

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha mlango ukagongwa. Ni Verna. Hakuketi. Aliniambia hivi, nami nanukuu kama inavyotakiwa: "Norbert, Gordy alikuja kunisomea karatasi. Nikamwuliza, wewe Gordy tangu lini ukamaliza sentensi? Nani kakuandikia? Maskini hana uongo, akakutaja. Sasa tangu Jumapili nawaza, mtu anayemsema mshindani wake vizuri hivi, mimi je, atanisemaje? Karatasi iliyobaki iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa mwalimu. Akasema hatoki mpaka aisikie. Basi nikaisema yote kwa mdomo, pale pale mlangoni, na nilipofika sababu ya tatu nikakwama, akaninyamazia kama alivyonyamaza siku ile ya msiba, mpaka nikamaliza. Ijumaa tunakwenda. Gordy atakaa meza yetu. Verna amesema mtu aliyesuka nywele za mgonjwa hali samaki peke yake, na mimi sina hoja ya kumpinga.

Kwa hiyo, Mwalimu, naomba uyafute malalamiko yangu yote, namba moja hadi saba. Rasimu ikae kwako mpaka Jumatatu, uikwaruze utakavyo. Gordy apewe alama nzuri. Ila ile barua ya muhuri, ya kumweleza Verna kwamba ule uungwana wangu ulikuwa wa kulazimishwa, nakusihi usiiandike. Na kama umesikia habari zangu kwa mtu ukawahi kuiandika, Maren atapita kuichukua kesho kabla ya kengele ya kwanza.