Sentensi za Mulei

Jumatatu, 3 Machi
Kaka yangu Mulei hainuki. Kiharusi kimemfutia Kikamba na Kiswahili, kimemwachia Kimbuzi tu: lugha tuliyoibuni wawili tukichunga mbuzi, Mama asijue utundu wetu. Duniani kote tunaijua yeye na mimi. Na shamba lake la maembe pale Mbooni hajamwandikia mtu! Shemeji Ndinda ameniomba nikae na mumewe, eti ananitafuta kwa macho. Nimemwambia nina kazi.

Jumatano, 5 Machi
Kazi yenyewe: karatasi nne za manila na kalamu za rangi. Miaka ishirini nimefundisha watoto wa watu kuchanganua sentensi kwa mchoro wa matawi. Leo nimechanganua “Mulei anampa Muindi shamba.” Muindi ni mimi. Kila neno la Kimbuzi kwenye tawi lake, Kiswahili chini. Mulei hajaitamka. Lakini angeweza!

Ijumaa, 7 Machi
Kikao cha ukoo. Nimebandika matawi ukutani: wosia wa Mulei. Mzee Mwangangi akasema hajaelewa kitu, kwa hivyo ni kweli. Raha iliyoje! Ndinda akaomba nifafanue kidogo. Basi nikajisahau. Mwalimu ni mwalimu. Nimewafundisha Kimbuzi chote, masaa matatu, pamoja na mazoezi. Ndinda alinakili kila kitu. Nikampa tiki.

Jumapili, 9 Machi
Ole wangu! Wazee wamekuja kumsikia Mulei mwenyewe. Akanishika mkono, akasema maneno manne. Nikatangaza: shamba ni la Muindi. Mzee Mwangangi akatazama viatu vyake. Ndinda akasema, huku analia, kwamba wote wamesikia. Mulei amesema nikae naye, anaogopa. Nikasema naenda kuchota maji. Nikaenda nyumbani.

Jumanne, 11 Machi
Mulei ametuacha alfajiri. Ndinda alikuwa naye, akimjibu kwa Kimbuzi hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimelala. Nimelia mpaka kifua kikauma. Kaka yangu wa pekee!

Mazishi ni Ijumaa. Baada ya hapo nitawaeleza wazee kwamba Mulei amenijia ndotoni kuhusu shamba, na kwamba huko aliko wanaongea lugha nyingine kabisa. Nimeshatunga maneno kumi na mawili. Hii simfundishi mtu.