Mita Isiyojua Saa

Temeke,
12 Novemba 1954

Kwa Bwana Mkaguzi wa Vipimo,

Shikamoo. Mimi ni Auleria Ansbert, mwanafunzi wa darasa la nne. Naishtaki kwako mita ya kupimia umeme iliyoko kwa Baba Mdogo Kasimiri, fundi redio, kwa sababu inataka kuniondoa shuleni.

1. Jirani yetu Mzee Mwinjuma alileta redio yake ya volti sita. Betri yake ilikuwa imekufa, basi Baba Mdogo akataka kuiwasha kwa sanduku linaloupunguza umeme wa nyumba. Yeye aliinama nyuma ya sanduku na bisibisi. Mimi nikashika nyaya za mita nimsomee mshale. Ulikuwa juu ya 11. Nikasema, "Tano, Baba Mdogo." Akasema, "Bado moja, mama," akazungusha skrubu. Ulipofika juu ya 12 nikasema, "Sita kamili!" Akaunganisha redio. Ilitamka neno moja, kisha ikatoa moshi.

2. Bwana, mshale ukisimama juu ya 12 ni sita. Saa ya misheni inasema hivyo, na mwalimu aliwahi kunisifu kwa kulijua hilo. Mita ina uso, kioo na mshale kama saa. Kwa nini iwe na desturi yake peke yake? Mzee Mwinjuma aliniuliza mbele ya watu, "Na futi ya fundi cherehani unaisomaje wewe, ya asubuhi au ya jioni?" Wote wakacheka. Baba hakucheka. Alisema msichana asiyejua kusoma namba akae nyumbani asonge ugali.

3. Naomba utoe amri kwamba mita zote za Temeke zisomwe kama saa.

4. Amri hiyo ifike na kwenye mizani ya sokoni. Anayetaka ratili kumi na mbili za mchele atapewa sita, ni kweli, lakini anayetaka sita atapewa kumi na mbili. Basi watu wote wanunue sita.

5. Mwisho, alama za shule. Mwezi uliopita nilipata 4 kati ya 12 za hesabu. Mshale ukiwa juu ya 4 ni kumi, na kuanzia sita mtu huingia darasa la tano. Mtihani mkubwa tumeshaufanya, na baba amekubali kungoja matokeo tu. Tafadhali, amri iwahi.

Nawasalimu wote wa nyumbani kwako, makarani wako, na huyo aliyeifungua bahasha hii. Baba Mdogo angekusalimu pia kama angejua naandika.

Mimi mtoto wako msikivu,
Auleria Ansbert

N.B. Nilipokuwa natafuta stempu, mwalimu alileta matokeo. Hesabu nimepata 9. Kwa amri niliyoiomba hiyo ni tatu, na tatu haifiki popote. Tafadhali, Bwana, usiitoe. Baba ameishika karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Tisa hii ni ya namba au ya saa?" Nimemjibu, "Ya namba, baba." Amevaa viatu, amekwenda kuninunulia daftari.