Vyuma Vinne Chini ya Sketi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza sindano za kukuza mayai. Umri, arobaini na moja. Mume wangu kasema hili ni jaribio la mwisho, moyo wake umechoka. Wangu haujaulizwa.

Daktari wetu ni binti mdogo, anafanya utafiti. Ananiita mama. Mle kliniki sote tunaitwa mama, na hakuna mwenye mtoto. Wiki iliyopita alinieleza taratibu: zamani walidunga dawa nyingi ili wapate mayai mengi, ovari za wengine zikavimba, maji yakajaa tumboni, wakaponea chupuchupu. Siku hizi tafiti zinaelekea kwenye dawa kidogo, kila mtu kwa uzito wake na damu yake. Na ukionyesha dalili za kuvimba, hupandikizwi. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vinagandishwa, unasubiri miezi miwili.

Kugandishwa! Mimi nauza samaki wa barafu. Friza nazijua. Hakuna kilichowahi kutoka kwenye friza yangu kikiwa na afya zaidi kuliko kilivyoingia.

Nesi akaongeza kwamba dalili mojawapo ni uzito kupanda ghafla. Asante, nesi! Leo nimepanda mizani yao na vyuma vinne vya kilo moja moja, vile vya kupimia samaki dukani, nimevishonea mifuko ndani ya sketi ya chini. Nikinenepa kilo, natoa chuma. Namba haitikisiki. Mungu ni shahidi, vyuma hivyo havijawahi kumpunja mteja.

Daktari akatazama uzito wangu, akapandisha kipimo cha dawa. Nikapokea kama baraka.

Jumatano, 12 Juni

Wifi kaja dukani. Dada wa mume wangu, watoto watano, anajifungua kama anayepiga chafya. Kanikagua juu mpaka chini, kisha mbele ya wateja: Wifi, mbona tumbo limemtangulia mtoto? Nikasema gesi. Akasema gesi hiyo inatosha kupikia mtaa mzima. Wateja wakacheka. Hata yule anayenidai chenji!

Nikamjibu kwamba Jumatano ijayo nitakuwa nimebeba. Akashika njia. Ushindi wa kwanza tangu niolewe.

Vyuma viwili vimeshatoka. Sketi inanibana hata hivyo.

Ijumaa, 14 Juni

Mayai yametolewa. Ishirini na mawili! Mwenzangu wa kitanda cha pili kapata sita. Nikamwonea huruma yenye kiburi ndani yake, nikatubu hapo hapo.

Daktari hakufurahi. Kasema kwa dawa aliyonipa hakutegemea mengi hivyo. Kauliza kama nina kichefuchefu. Nikasema sina, huku nikipumua kwa pua. Angependa kugandisha, ila uzito wangu unamchanganya, umesimama kama nguzo. Basi tupime tena Jumanne, tukiwa salama anapandikiza Jumatano.

Bwana, nisamehe. Uongo wenyewe ni wa siku chache tu.

Jumapili, 16 Juni

Joho la kwaya limegoma kufungwa. Pumzi haitoshi wimbo, nimeimba miisho ya mistari tu. Mwalimu wa kwaya kanitazama kama mtu anayeimba kwa mkopo.

Kiu kali. Mkojo matone. Jioni mume wangu kaweka sikio tumboni kwangu, kasema anasikia maji. Nikamwambia ni matumaini. Hakucheka. Akauliza, mke wangu, unaumwa? Nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia.

Chuma cha tatu kimetoka.

Jumanne, 18 Juni

Aibu! Nimepanda mizani, namba ile ile, nesi kaanza kunipongeza. Uzi wa sketi ukakatika. Chuma cha mwisho kikaanguka, kikaviringika mpaka kwenye kiatu cha daktari. Kimeandikwa KILO 1 kwa herufi kubwa.

Akakiokota. Akauliza vilikuwa vingapi. Nikasema vinne. Akaketi. Akasema, mama, dawa yako niliipima pamoja na hivi vyuma.

Nikataka kujitetea. Pumzi ikakataa.

Ijumaa, 21 Juni

Wodini. Wamenitoa maji tumboni, ndoo ndogo nzima. Mume wangu kalala kwenye kiti, viatu miguuni. Hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniua.

Wifi naye kaja. Nilijiandaa kwa masimango. Kaangua kilio mpaka nesi akamletea maji yeye badala yangu. Akasema, wewe mjinga, ungekufa ningemtania nani?

Jumatano imepita. Sijabeba kitu. Viinitete saba viko kwenye baridi kali, daktari anasema vizima kabisa, na kwamba tafiti zinaonyesha wanaosubiri hawapotezi kitu. Nikamuuliza itakuwaje umeme ukikatika. Kasema havitegemei umeme. Sikumwamini. Nimelala nikiona samaki.

Miezi miwili, uvimbe uishe, uzito urudi ule wa kweli, ndipo anipandikize. Nimetubu kwa machozi. Nimeapa mbele ya mume wangu: vyuma, basi!

Ila nimechungulia mizani ya hapa wodini. Ina miguu minne ya mpira. Ukiingiza kitambaa kilichokunjwa chini ya mmoja, namba lazima ishuke. Nimemnong'oneza wifi. Kasema ninahitaji kuombewa. Kisha akauliza kitambaa cha upana gani.

Ee Mungu, viko saba, navijua kwa idadi tu. Wewe nilindie friza. Mizani niachie mimi.